Amahala ya Gari

Ambilikile aligombana na kompyuta kabla hajaiona kwa macho. Tangu ujana wake alikuwa dereva wa lori la kampuni ya chai, na barabara za mashambani alizijua hata kwenye ukungu usiokuonyesha boneti ya gari lako mwenyewe. Kisha kampuni ikauzwa. Wakaja wawekezaji na mashine moja ya ofisini iliyofunikwa nailoni, na haikuchukua muda karatasi ikabandikwa mlangoni yenye majina ya waliopunguzwa kazi. Karani alipoulizwa majina hayo kayachagua nani, akajibu, "Kompyuta." Huenda alitaka kunawa mikono tu, maana wanaofukuza wenzao hupenda kumsingizia asiye na mdomo. Lakini Ambilikile alilimeza neno lile bila kulitafuna, na tangu siku hiyo akawa na adui.

Mkewe, Atupele, hakuwa na ugomvi na mashine yoyote. Yeye alikuwa na kishamba. Kilikuwa ubavuni mwa nyumba yao hapo Bulyaga, Tukuyu, kimegusa barabara: migomba, magimbi chini ya migomba, na miparachichi iliyozaa hadi matawi yakahitaji kuegemezwa kwa miti. Alikinunua mwenyewe kwa kuuza maharage na ndizi gulioni, miaka ile mume alipokuwa akilala safarini. Kwenye hati ya mauziano liliandikwa jina la mume, kwa kuwa mwuzaji alisema haandikiani na mwanamke, naye Atupele hakuona sababu ya kubishana na mzee aliyebakiwa na meno mawili na kiburi cha watu kumi. Mume alijua kishamba ni cha nani, mke alijua, na kwa kujua huko mama wa watu alilala usingizi miaka yote.

Kiinua mgongo kilipotoka, Atupele alisema wanunue ng'ombe wa maziwa. Ambilikile akanunua gari.

Lilikuwa gari jeupe la Kijapani, mtumba, lenye viti vya kitambaa laini, na kazi yake ikawa kubeba abiria wa kukodi kati ya Tukuyu na Kyela. Kwa macho lilikuwa gari zuri. Ila Ambilikile alikuwa mtu wa malori ya zamani, ukikanyaga mafuta chuma kinaitika papo hapo, na hili la Kijapani lilikuwa na tabia ya kusita kidogo mlimani kabla ya kuvuta. Kusita huko kulimtia uchungu. Vijana wenye magari makubwa zaidi walimpita kwenye kona za kupandia Tukuyu huku wakipiga honi, na mmoja alimtolea kiganja dirishani, kile cha kumuaga mtu.

"Nikikanyaga, lenyewe kwanza linafikiri," alimwambia fundi wake, Hafidhi, kwa ulimi wake wa Kinyakyusa unaogeuza r kuwa l na z kuwa s. "Gali gani hilo? Mimi nimeendesha gali miaka yote, sijawahi kushauliana na gali."

Hafidhi alikuwa fundi wa umeme wa magari. Babu yake alifika Tukuyu kutoka Kilwa akiuza vitambaa, akaona baridi, akalalamika, akaoa, akazikwa hapo hapo. Mjukuu alizaliwa mjini na hakuwa mtu mbaya. Kinyakyusa chake kilitosha kusalimia na kununua ndizi, basi. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni kosa la mafundi wengi: alikuwa hawezi kutamka "sijui." Enzi za kabureta alikuwa mfalme, lakini magari haya mapya yenye kompyuta yalikuwa yanampita mlangoni kwenda Mbeya kwa mafundi wengine, na njaa ilianza kubisha hodi. Basi alipokwenda Dar es Salaam kwenye arusi ya binamu yake, alishinda gereji badala ya arusini, akarudi na ujuzi mpya mfukoni. Ujuzi wenyewe ulikuwa kidude kidogo cha kwenye redio, mafundi wanakiita rezista, ukubwa wa punje ya mchele.

"Shida ya gari lako, mzee wangu, ni kompyuta," alisema Hafidhi.

Angesema shida ni pepo, angeaminiwa kidogo kuliko hivyo. Ambilikile alitikisa kichwa polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mwizi wake anaishi chumba cha pili. Yaani ilimtoa kazini, ikamfuata hadi ndani ya gari!

Hafidhi alilifungua gari pale uani, akachomoa chini ya dashibodi boksi la bati lenye nyaya nyingi, akalionyesha. Atupele alikuwa akimenya magimbi kibarazani, akasikia maelezo yote. Boksi hilo, alisema Hafidhi, hupelekewa habari na waya zinazotoka kwenye injini: joto limefika wapi, hewa inaingia kiasi gani. Kwa habari hizo huamua limwage petroli kiasi gani. Sasa, waya wa joto ukifungwa rezista, boksi litadhani injini ni ya baridi siku zote. Na injini ya baridi hupewa petroli nyingi. Petroli ikiwa nyingi, gari litapanda mlima kama limefukuzwa na nyuki.

"Yaani unalidanganya," alisema Ambilikile, na macho yakamng'aa.

"Nalidanganya."

"Na likiwa na joto kweli?" aliuliza Atupele. "Litajuaje?"

Hafidhi alicheka kwa adabu, akanyoosha mkono kuonyesha ukungu uliokuwa umefunika mlima wote wa Rungwe na mvua iliyokuwa ikinyesha tangu alfajiri. "Mama, Tukuyu hii? Joto la kutoka wapi?"

Wanaume wakacheka. Atupele akarudi kwenye magimbi yake. Hakuwa fundi, na hakutaka kuitwa mwanamke wa kujua kila kitu. Ila gari lile halikuwa likiishia Tukuyu, lilikuwa likishuka Kyela, ambako hata mbwa hutafuta kivuli kabla ya saa nne asubuhi.

Wakati wa kula, wakiwa wawili tu, Ambilikile alikuwa na furaha ambayo mkewe hakuiona tangu ile karatasi ibandikwe. Nyumbani walizungumza Kinyakyusa. Kiswahili kilikuwa cha wageni na cha ofisini. Akamweleza tena habari za lile boksi, na kwa kuwa Kinyakyusa hakina jina la kitu kama hicho, akaliita *amahala*. Amahala kwa Wanyakyusa ni akili, ni ile busara mtu anayorithi kwa wazee wake. "Amahala ya gari tumeyatia kileo," alisema, na Atupele alicheka hadi akapaliwa. Tangu siku hiyo jina likabaki. Kwa Hafidhi lilikuwa boksi, kwa vijana wa stendi lilikuwa kontroli boksi, lakini ndani ya nyumba ile lilikuwa amahala, na watu waliolijua kwa jina hilo walikuwa wawili duniani.

Nisiwe mchoyo wa haki: mwanzoni gari lilivuta. Ambilikile aliwapita vijana kwenye kona zile zile, naye akawatolea kiganja, mzee mzima. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka nyuma na petroli ilikuwa ikinywewa kama togwa ya msibani, lakini nani ahesabu petroli siku ya ushindi? Kisha taa ndogo ya manjano ikawaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzimika. Hafidhi aliitazama, akafungua dashibodi, akaitoa balbu. Ikazimika.

"Taa na mke," alisema Ambilikile akipokea chai, "kasi yao moja, kulalamika."

Atupele ndiye aliyekuwa ameshika birika. Alimimina, akamaliza, akaingia ndani. Ilimuuma, na tusijidai kwamba ilikuwa utani. Utani una mahali pake na una watu wake. Lakini alikuwa amemwona mume wake akirudi kuwa mtu baada ya kukaa miezi akitazama ukuta, na kwa hilo alikuwa tayari kumsamehe maneno mengi.

Mshale wa joto nao ulianza kucheza. "Ukipanda usiutie maanani," Hafidhi alimwambia. "Ule waya tumeshaushika, kwa hiyo lazima mshale ubabaike." Hakujua. Alikisia, akakisema kisio chake kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku ya siku Ambilikile alitoka Kyela jua la mchana likiwaka, abiria wamejaa na magunia ya mchele nyuma. Feni ya kupooza injini ilikuwa ikiwashwa na ile ile kompyuta, na kompyuta ilikuwa imeambiwa kwamba ni baridi. Basi feni haikuzunguka. Mshale ukapanda hadi mwisho. Ambilikile aliuona, akakumbuka maneno ya fundi, akakanyaga. Kulikuwa na lori mbele na kijana mmoja nyuma akipiga honi. Alilipita lori. Abiria walisikia harufu ya kuungua, halafu kishindo, halafu mvuke ukafunika kioo chote, na gari likasimama katikati ya mlima. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, ila yeye hata hiyo nafasi ya kushuka hakuipata.

Alirudishwa Tukuyu akivutwa kwa kamba na lori la mchele, yeye mwenyewe ameshika usukani, vioo amevipandisha vyote ili asisalimiwe. Atupele alikuwa kishambani alipoliona gari likipita. Aliweka jembe chini akalia. Hakulia kwa ajili ya gari. Alimlilia yule mtu mle ndani aliyekuwa akitazama mbele kama kwamba anaendesha.

Injini ilikuwa imekufa, haina hata cha kushona. Gari likafunikwa turubai uani, kuku wakahamia chini yake. Ambilikile akawa anaingia ndani ya gari asubuhi, anakaa kwenye kiti cha dereva, anashinda humo. Mkewe hakumcheka. Alimpelekea uji, akampitishia kikombe dirishani, akarudi kukichukua baadaye. Hafidhi alichomoa lile boksi akalileta ndani kwa ajili ya kulikagua, akaliacha juu ya kabati la vyombo, na hapo likabaki likishusha kutu juu ya sahani za Atupele.

"Toa amahala yako humu," alimwambia mumewe mara kwa mara. "Yananichafulia vyombo."

"Nitayatoa," alisema Ambilikile, na hakuyatoa.

Jumapili moja baada ya ibada aliingia na wageni wawili: Hafidhi, na Mzee Andongwisye, balozi wa nyumba kumi. Atupele alishangaa kuona mume amevaa koti. Akafuta viti. Kwa sababu ya Hafidhi, mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili.

"Mama Lusungu, kaa," alisema Ambilikile, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Mbeya. "Nimekuita mbele ya balosi. Hafisi ni ndugu yetu. Anatuletea injini nyingine kutoka Dal es Salaam, na boksi lake jipya, anafunga yeye mwenyewe. Na mimi nimempa mahala. Yawe yake. Siku hisi selikali inasema mke lasima aulizwe. Unasemaje?"

Atupele alilitupia jicho kabati la vyombo, kicheko kikamtoka. Boksi bovu, koti, balozi, na serikali juu! Tangu aolewe hakuwahi kuulizwa jambo. Gari lilinunuliwa bila kuulizwa, likadanganywa akiwa anasikia, taa ikang'olewa mbele ya macho yake, na leo anaitwa mbele ya mashahidi kuombwa ruhusa ya kugawa bati lenye kutu.

"Ampe," alisema. "Tena ayachukue yote. Mimi nimeshachoka nayo."

"Kwa hiari yako, mama?" aliuliza balozi, kwa kuwa balozi hupenda kuuliza.

"Hata jana angeyachukua, baba. Mungu ambariki nayo."

Wote wakacheka. Hafidhi alimshika mkono kwa mikono yake miwili na machozi yakamlengalenga. "Mama, Mwenyezi Mungu akulipe. Sitakusahau maisha yangu." Atupele akaona huyu fundi kweli moyo wake ni mwepesi, mtu analilia boksi. Akawaandalia chai, na wakati wa kuondoka akawafungia maparachichi kila mmoja. Mume alikunywa chai yake akitazama ndani ya kikombe, na mkewe alidhani ni aibu ya mtu aliyeshindwa.

Injini ikaja, ikafungwa, gari likanguruma uani na kuku wakahama. Lakini lile boksi bado lilikuwa juu ya kabati. Atupele akaona Hafidhi amesahau mali yake. Akalifunga kwenye kitambaa, akalipeleka mwenyewe hadi alipokuwa akifanyia kazi fundi yule.

"Umeacha kitu chako," alimwambia.

Hafidhi alifungua kitambaa, akatazama, akalitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. "Aa, hili limekufa, mama, ungelitupa tu. Ila umenifurahisha kuja. Kesho nakuja na watu wa kusafisha."

Kusafisha gari, Atupele alidhani. Akaenda zake. Alichukia kidogo kwa kile kitendo cha kutupa zawadi mbele ya aliyeileta, lakini akasema moyoni kwamba watu hawafundishwi adabu wote na mama mmoja.

Kesho yake alikuwa jikoni aliposikia panga likiingia kwenye mgomba. Sauti hiyo mkulima hawezi kuikosea. Ni ya kitu chenye maji. Alitoka mbio na kijiko mkononi. Migomba ya upande wa barabara ilikuwa imelala, mikungu mingine bado michanga, na vijana watatu walikuwa wanaendelea mbele. Hafidhi alikuwa amesimama katikati ya magimbi ameshika kamba na mambo, vile vigingi vya kupimia.

"Mnafanya nini? Hafidhi! Mnafanya nini?"

"Nasafisha mahala, mama," alisema Hafidhi, na alishangaa kweli. "Nijenge gereji. Mahala mliponipa."

Hapo ndipo neno lilipogeuka upande wake wa pili. Mahala. Kwa mtu wa Kiswahili ni mahali, ni sehemu, ni ardhi unayoweza kuipigia mambo. Atupele alisimama na kijiko chake, na kwa muda hakuona hata migomba.

Walikusanyika kwa balozi mchana ule ule. Ambilikile aliletwa kutoka stendi, akaingia na ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni. Atupele alieleza yote kwa Kiswahili, kwa sababu ya Hafidhi, na alijitahidi kutolia.

"Mimi nilisikia mahala, mama, wallahi," alisema Hafidhi. "Halmashauri imetufukuza pale sokoni, nilikuwa nahangaika. Mzee akaniambia, niletee injini, nitakupa mahala kando ya barabara. Nikamwambia mkeo akubali kwanza, sitaki dhambi. Ukakubali. Mimi kosa langu liko wapi?"

Na kweli halikuwepo. Kosa lake lilikuwa la zamani, la injini, na hilo hakuna aliyelileta barazani.

"Mama Lusungu," alisema balozi, "amahala nayajua tangu tumboni mwa mama yangu. Ni akili. Lakini nani anamwita balozi aje ashuhudie anampa mtu akili?"

"Si akili, baba. Boksi. Lile boksi la gari. Ndilo jina lake nyumbani kwetu."

"Lakini alisema mahala."

"Alisema *yawe yake*. Ardhi angesema *pawe pake*. Hata Lusungu alifundishwa shuleni."

Balozi alicheka, na hakuwa na nia mbaya. "Mwanangu, sisi na hizo *pa* na *ya* wapi na wapi? Kiswahili tumekikuta barabarani." Kisha akaacha kucheka, maana hakuwa mjinga, akamgeukia Ambilikile. "Baba Lusungu, neno liko kwako. Nyumbani kwenu, hilo boksi mnaliita amahala?"

Swali lilikuwa jepesi, la ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, mkewe hakukubali kitu, makubaliano yamekufa, injini inatolewa na gari linarudi chini ya turubai. Atupele alimtazama mume wake. Hakumwogopa. Alikuwa na hakika naye, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyakana, na kicheko cha watu wawili juu ya sahani moja ni mojawapo.

Ambilikile alikuwa anatazama ufunguo.

"Boksi ni boksi," alisema. "Amahala? Neno hilo kwa boksi mimi sijawahi kulisikia."

Ndipo Atupele alipoelewa kwamba halikuwa kosa la masikio. Mume wake alitafuta neno lenye milango miwili, akalichagua, akavaa na koti. Alijua mkewe angeingia mlango upi. Alimpelekea habari ya uongo akapata alichokitaka, na alipomwuliza "unasemaje" mbele ya wageni, tayari jibu lilikuwa limeshafungwa waya. Wala hakutumia lugha ya wageni kumdanganya. Alitumia neno lao wawili, lile walilochekea. Na sasa alikuwa amelizika, na hakukuwa na shahidi, kwa kuwa lugha ya nyumba ile ilikuwa na wasemaji wawili tu na mmoja wao alikuwa ameikana.

"Basi mama," alisema balozi kwa huruma, "mimi nilisikia kwa masikio yangu, ulikubali na ulicheka."

"Nilicheka," alisema Atupele. "Ni kweli."

Hafidhi alimwambia achukue ndizi zote zilizokomaa, na miparachichi ataiacha miwili kwa ajili ya kivuli cha wateja. Alisema kwa nia njema, na hilo ndilo lililokuwa zito kulipokea. Atupele alimshukuru. Gereji ikajengwa, ya mabati matupu, ikapigwa rangi ya bluu. Na ili msinione naongeza chumvi, nendeni mkaulize: kabla saruji haijakauka sawasawa, gari la kwanza kuingia pale lilikuwa jeupe, la Ambilikile, na boneti ilikuwa juu, kwa kuwa injini mpya nayo ilikuwa na tabia ya kusita mlimani. Aliyekatazwa hakusikia, aliyepigwa hakukoma, sijui tumwiteje.

Atupele hakuondoka. Watu walitegemea aende kwa Lusungu Mbeya, au kwa kaka zake Kisondela, au angalau avunje vyombo. Alibaki, akapika, akafua, akaenda ibada. Kitu kimoja tu alikibadilisha. Tangu jioni ile ya kwa balozi alianza kuzungumza na mume wake kwa Kiswahili. Si cha ugomvi; Kiswahili safi, cha adabu, kile anachoongea na bwana shamba au mtu wa sensa. "Bwana, chakula kiko tayari." "Bwana, kuna mgeni wako nje." Ambilikile akidhani ni hasira za siku mbili akaendelea na Kinyakyusa chake, akimchombeza, akimtania, akimwita majina ya zamani. Alijibiwa kwa Kiswahili. Majirani walisema Mama Lusungu siku hizi amekuwa wa mjini.

Msimu wa baridi ulipoingia, mwezi wa saba, Ambilikile alishikwa na homa ya kifua akalala siku kadhaa. Atupele alimuuguza kama inavyopasa, alimkanda, alimfunika mablanketi yote ya nyumba. Asubuhi moja mgonjwa aliamka midomo imekauka, akamwona mkewe anapita na ufagio, akamwomba maji kwa neno la kwao, la utotoni.

"*Amisi*," alisema.

Atupele alisimama mlangoni.

"Umesema nini, bwana?"

"*Amisi*, mama Lusungu. *Amisi*."

"Samahani, bwana. Neno hilo sijawahi kulisikia."

Mvua ya baridi ilikuwa ikigonga bati. Ambilikile alimtazama kwa muda mrefu, kifua kikipanda na kushuka, na yeye mkewe alisubiri na ufagio wake, bila haraka na bila hasira. Mwishowe mzee alifumba macho.

"Naomba maji," alisema kwa Kiswahili.

Atupele akamletea, kwenye bilauri ya wageni.